Kurekebisha, Kukarabati na Kugeuza: Uhakiki wa Istilahi za Breki ya Mkono

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki istilahi chache zilizotumika katika rasimu ya mwongozo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wa ufundi wa magari. Rasimu yenyewe haijachapishwa, na kwa hiyo hatutamtaja mfasiri wala chuo kilichoiomba. Tunachohakiki hapa ni lugha, si mtu. Rasimu hiyo inahusu jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana dogo, yaani namna mtu aliyejiundia gari nyumbani awezavyo kuzishughulikia sehemu za breki ya mkono, kwa usalama, kabla ya kulipeleka gari lake likaguliwe. Udogo huo ni wa kudanganya. Katika kurasa zake chache mna neno moja, kurekebisha, ambalo limebebeshwa kazi tatu, na kila moja ya kazi hizo mkaguzi wa magari huihukumu kwa kipimo chake. Mwanafunzi atakayeifuata rasimu hiyo neno kwa neno anaweza kukikata kwa msumeno kile alichotakiwa kukikaza kwa spana tu.

Ni haki mfasiri apewe kwanza sifa anazostahili. Kiswahili chake kinasomeka bila kumchosha msomaji. Pale alipohitaji kutaja chuma kirefu kinachovutwa na dereva hakubuni neno jipya, bali alichukua wenzo, ambalo walimu wa fizikia wamekuwa wakilifundisha shuleni kwa miaka mingi pamoja na mwenzake egemeo. Tena hakuona haya kutumia maneno ya gereji kama kebo, nati na springi, ambayo yamekwisha kupata uraia katika lugha yetu. Kasoro tutakazozitaja hazitokani na uvivu. Zinatokana na desturi ambayo sote tunaijua, ya kulitafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la Kiingereza bila kwanza kukitazama chombo chenyewe kinavyofanya kazi.

Mwongozo wa asili ni wa Uingereza, na hapana budi msomaji aelezwe mazingira yake. Nchini humo kuna desturi ya miaka mingi ya watu kununua gari likiwa vipande, au kununua fremu tupu na kutoa injini, ekseli na breki katika gari kuukuu, kisha wakajiundia gari lao katika banda la nyumbani. Gari mashuhuri la jamii hiyo ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957. Kodi ya ununuzi ya siku hizo ililitoza gari lililokamilika, wala haikulitoza lile lililouzwa vipande vipande. Husimuliwa kwamba kwa kuwa vipande hivyo havikuruhusiwa kuuzwa pamoja na maelekezo ya kuviunganisha, Colin Chapman, mwasisi wa kampuni hiyo, aliwapa wanunuzi maelekezo ya kulifumua gari, nao wakaachiwa kuyasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Kisa hicho kinamfaa sana mfasiri wa miongozo ya ufundi, maana kinaonyesha jinsi kazi nzima inavyoweza kutegemea vitenzi na mpangilio wake. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 1973, na mwaka huohuo haki za kuliunda gari hilo zikachukuliwa na kampuni ya Caterham. Lakini watu hawakuacha kujiundia magari. Mwaka 1996 Ron Champion alitoa kitabu kilichofundisha kuunda gari la michezo kwa pauni 250 tu, kwa kutumia viungo vya Ford Escort iliyozeeka, na wengi walikifuata.

Tangu mwaka 1998 gari dogo la namna hiyo limewekewa utaratibu wa kuchunguzwa, moja moja, kabla halijasajiliwa. Utaratibu unaotumika sasa, ujulikanao kwa herufi zake IVA, ulianza mwaka 2009. Breki ya mkono ni moja ya mambo yanayochunguzwa, na ni rahisi kufahamu kwa nini huwasumbua waundaji. Wenzo uliotolewa katika gari la familia haukukusudiwa kukaa ndani ya gari jembamba la watu wawili. Nafasi iliyopo kati ya viti ni finyu, viti vyenyewe viko chini karibu na sakafu, na umbali wa kufika kwenye ekseli ya nyuma umepungua. Basi muundaji hujikuta ana kebo ndefu kuliko inavyohitajika, wenzo unaomgonga abiria gotini, na kitako cha wenzo ambacho matundu yake ya bolti hayalingani na sakafu. Hapo ndipo msumeno unapotolewa, na hapo ndipo maneno ya mwongozo yanapopata uzito.

Jina la breki

Rasimu inaiita breki ya mkono kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Watu wote husema hivyo, au husema hendibreki, nasi hatuna ugomvi na usemi wa gereji. Lakini kanuni haiangalii mkono. Kanuni ya Umoja wa Mataifa nambari 13-H, ihusuyo breki za magari madogo ya abiria, huitambulisha breki hii kwa kazi yake, kwamba ni ile inayolishikilia gari lililosimama hata dereva akiwa hayumo. Yako magari ambayo breki hiyo hukanyagwa kwa mguu, na katika miaka ya 2000 yameenea magari ambayo hufungwa kwa kubonyeza swichi ya umeme. Kwa sababu hiyo kanuni inaruhusu kani isiyozidi nyutoni 400 ikiwa breki inavutwa kwa mkono, na isiyozidi nyutoni 500 ikiwa inakanyagwa. Mfasiri aliyeshikilia jina la breki ya mkono amejikuta, bila kukusudia, akiagiza kwamba breki ya mkono ikanyagwe kwa mguu.

Hilo msomaji anaweza kulicheka na kulisamehe. Kinyume chake hakisameheki. Katika magari ya mashindano hufungwa wenzo ambao dereva huuvuta ili kusukuma mafuta ya breki hadi kwenye magurudumu ya nyuma, yafunge ghafla na gari liparaze kwenye kona. Hiyo ni breki, tena ni ya mkono bila shaka yoyote, lakini si breki inayotakiwa na kanuni. Mafuta yakivuja kidogo shinikizo hupungua, na gari lililoachwa mlimani litaanza kuondoka lenyewe. Waundaji wa magari ya michezo huupenda wenzo wa namna hiyo. Sasa mtu akisoma katika rasimu yetu kwamba gari lake sharti liwe na breki ya mkono kwenye magurudumu ya nyuma, akafunga huo, atakuwa amekitii Kiswahili na kuivunja kanuni.

Tunapendekeza basi breki ya kuegesha. Hatupendekezi breki ya maegesho, ingawa tumekwisha kuiona ikiandikwa, kwa sababu maegesho ni mahali, na mahali hapahitaji breki. Kuegesha ni kitenzi kilichotoka kwenye vyombo vya baharini, cha kukisogeza chombo hadi mahali pake na kukiacha hapo kimetulia. Na kutulia baada ya kufika ndiyo hasa kazi ya breki hii. Breki ya dharura nayo haifai, maana katika kanuni kulisimamisha gari wakati wa dharura ni kazi nyingine, yenye masharti yake. Ama fundi aendelee kusema hendibreki. Istilahi ya hati na usemi wa gereji vinaweza kuishi pamoja ilimradi mwalimu wa chuo avitaje vyote viwili siku ya kwanza.

Kazi tatu za neno moja

Tufikie sasa neno lenyewe, kurekebisha. Katika rasimu limetumika kwanza kwa kazi ya kuizungusha nati iliyo mwisho wa kebo, ili wenzo ukivutwa meno machache tu breki iwe imekwisha kukamata. Limetumika tena kwa kazi ya kuirudisha katika hali yake sehemu iliyolika au kukwama, kama springi iliyolegea au kebo iliyoshika kutu ndani ya ala yake. Kisha, bila onyo lolote, limetumika kwa kazi ya kuukata wenzo, kuupinda, kuuhamisha, au kutoboa tundu jipya la kufungia kebo. Kwa mfasiri zote tatu ni kurekebisha, kwa kuwa kila moja inaifanya breki iwe sawa. Kwa mkaguzi ni mambo matatu yasiyokaribiana.

Katika kazi ya kwanza hakuna kilichobadilika katika chombo. Mtengenezaji aliiweka nati ile kwa makusudi izungushwe, na mwenye gari asiyeizungusha ndiye mwenye makosa. Hata hapo pana utaratibu wake: mahali breki za nyuma ni za dramu, kwanza huwekwa sawa viatu vya breki gurudumuni, ndipo huja kebo. Anayeanza na kebo ili kuficha viatu vilivyolika ataondoka na breki inayoburura na kupata moto barabarani. Katika kazi ya pili chombo kimeharibika na kinarudishwa kama kilivyokuwa, na mkaguzi atauliza kama kweli kimerudi. Katika kazi ya tatu chombo kinafanywa kuwa kile ambacho hakikuwa. Aliyekiunda kiwandani alikijaribu kikiwa na urefu fulani na umbo fulani, na kuanzia dakika ile msumeno ulipopita, majaribio yake hayana dhamana tena. Dhamana yote imemhamia mtu aliyeushika msumeno, naye ndiye atakayetakiwa kuonyesha kwamba alichokifanya ni salama.

Miongozo ya ukaguzi wa kila mwaka wa magari nchini Uingereza huuhesabu ukarabati usiofaa na ugeuzaji usiofaa wa sehemu za breki kuwa ni kasoro, lakini haimlaumu mtu kwa kukaza nati. Ukiandika kwamba marekebisho yasiyofaa ni kasoro, kama ilivyoandikwa katika rasimu, mwanafunzi mwoga ataiacha kebo ilegee kwa kuogopa kuigusa. Na ukiandika, ukurasa unaofuata, kwamba ni wajibu wa mwenye gari kuirekebisha breki kabla ya ukaguzi, mwanafunzi jasiri atachukua msumeno. Wote wawili wamesoma sawasawa. Tatizo limo katika mwongozo.

Ugumu unazidi kwa sababu kila msomaji huja na maana yake mkononi. Mtumishi wa serikali amezoea Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, ambamo kurekebisha ni kufuta maneno na kuandika mengine. Mwalimu hurekebisha makosa ya wanafunzi. Fundi wa redio hurekebisha sauti. Wajuao asili ya maneno hulihusisha neno hili na shina la Kiarabu la kupanda chombo, ambalo hutoa pia maana ya kukifunga kitu mahali pake kikakaa. Ikiwa ni hivyo, basi matumizi ya fundi redio ndiyo yaliyobaki karibu zaidi na chimbuko, na hayo ndiyo tunayopendekeza yalindwe: kurekebisha kuwe ni kukiweka chombo sawa ndani ya mipaka aliyoikusudia mtengenezaji, bila kukata, kuongeza wala kuhamisha chochote.

Kwa kazi ya pili tunalo neno kukarabati, ambalo limekwisha kuzoeleka katika majengo na barabara, na halina sababu ya kuliogopa gari. Kutengeneza hakutoshi. Ukisema fulani anatengeneza magari, hujaeleza kama ana kiwanda au ana gereji chini ya mwembe.

Kazi ya tatu ndiyo yenye mjadala. Kubadilisha kusingefaa hata kidogo, maana kubadilisha breki kwa fundi yeyote wa Kiswahili ni kutoa kuukuu na kutia mpya, jambo ambalo ni salama kuliko yote. Wako waliopendekeza kuboresha. Neno hilo linatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa: kila aliyeukata wenzo wake anaamini ameuboresha, na kazi ya mkaguzi ni kuamua kama imani hiyo ina msingi. Tunabaki na kugeuza na jina lake ugeuzaji. Limepingwa kwa hoja kwamba ndugu yake, mageuzi, amekwisha kuchukuliwa na siasa tangu miaka ya 1990. Sisi hatuoni kama hoja hiyo ina nguvu. Tunasema ugeuzaji, hatusemi mageuzi, na msomaji anayekutana na ugeuzaji wa wenzo wa breki hatadhani kwamba vimekuja vyama vingi. Faida yake ni kwamba kugeuza kunaonya: kilichogeuzwa si kilekile tena, na huenda ni kibaya zaidi.

Wenzo uliokatwa

Ili isidhaniwe kwamba tunagombana juu ya maneno matupu, na tuchukue mfano wa hesabu ambao mwalimu wa fizikia anaweza kuuandika ubaoni. Tuseme mkono wa dereva unashika wenzo umbali wa milimita 300 kutoka kwenye egemeo, na kebo imefungwa milimita 50 kutoka kwenye egemeo hilohilo. Kani ya mkono huzidishwa mara 6, na dereva anayevuta kwa nyutoni 400 hupata nyutoni 2,400 kwenye kebo. Sasa muundaji, ili wenzo usigonge goti la abiria, anaukata milimita 60. Umbali wa mkono umekuwa milimita 240, kani huzidishwa mara 4.8 tu, na kebo inapata nyutoni 1,920. Moja ya tano ya breki imetupwa pamoja na kipande cha chuma. Akijaribu kuirudisha kwa kutoboa tundu jipya la kebo karibu zaidi na egemeo, milimita 40, ataipata kani yake, lakini mwendo wa kebo nao utapungua kwa moja ya tano, na huenda wenzo ukafika mwisho wa meno yake kabla viatu havijagusa dramu. Wenzo hautoi kitu bure, kama ilivyo katika kila somo la nyenzo.

Hesabu hiyo haimo katika rasimu, wala mfasiri hakuwa na wajibu wa kuitia. Lakini kama angeifanya pembeni kwa penseli asingeweza tena kuiita kazi hiyo kwa jina lilelile analoliita kukaza nati.

Kulehemu si kuchomelea

Mahali pengine penye hatari ni pale rasimu inapozungumzia kuunganisha vyuma kwa moto. Imetumia kulehemu kila mahali. Neno hilo ni zuri na la zamani, lakini ni la fundi bati na fundi redio, wanaoyeyusha risasi au bati na kuliacha ligande juu ya vyuma ambavyo vyenyewe havikuyeyuka. Kiungo cha namna hiyo hakiwezi kuaminiwa kwa breki. Kazi inayokusudiwa katika mwongozo wa asili ni ile ya kuviyeyusha vyuma vyenyewe mpaka viwe kimoja, na mafundi wetu wa milango na madirisha wamekwisha kuipa jina bila kungoja kamati yoyote: kuchomelea. Jina hilo lichukuliwe kama lilivyo. Mtu akiambiwa alehemu kitako cha wenzo, akakilehemu kwa risasi, nani atamlaumu?

Lipo jambo jingine ambalo rasimu imelipita haraka. Wenzo hushikiliwa na bamba dogo lenye meno yaliyoinama upande mmoja, pamoja na ulimi unaotumbukia kati ya jino na jino. Dereva akivuta husikia mlio wa ulimi ukipanda meno, na akibonyeza kitufe ulimi hunyanyuka. Meno hayo na ulimi huo ni vya chuma kilichotiwa ugumu kiwandani. Moto wa kuchomelea ukikaribia, ugumu hutoka, na chuma kinabaki laini kama kingine chochote. Hakuna dalili inayoonekana kwa macho ya mwanafunzi. Breki itafunga vizuri siku ya ukaguzi na miezi kadhaa baadaye, mpaka meno yatakapolika na ulimi kuteleza usiku gari likiwa limeegeshwa. Mwongozo wa asili unakataza kuchomelea karibu na meno. Rasimu imeandika kwamba haifai kulehemu kwenye racheti. Racheti tunaikubali, kwa kuwa hatuna neno jingine lililozoeleka, lakini sharti ielezwe mara moja kama tulivyoieleza hapa, la sivyo mwanafunzi atakisia.

Njia iliyo salama zaidi ni nyepesi kuieleza kwa Kiswahili, na inashangaza kwamba rasimu imeipa sentensi mbili tu. Wenzo uachwe ulivyo. Kiundwe kitako kipya kitakachofungwa kwenye fremu kwa bolti, na wenzo ukaliwe juu ya kitako hicho. Kebo isikatwe na kubanwa upya kwa skrubu, bali iagizwe nyingine yenye urefu unaotakiwa, ncha zake zikiwa zimebanwa kwa mashine. Ala ya kebo, na neno ala ni letu, la upanga na kisu, isipitishwe kwenye kona kali wala karibu na bomba la moshi. Uma unaoiunganisha kebo na wenzo utiwe pini, na pini itiwe kizuizi cha miguu miwili inayokunjwa ili isichomoke. Ukiyasoma maelekezo haya utaona kwamba karibu yote yanaepuka kugeuza sehemu ya breki. Kinachoundwa ni kile kinachoizunguka.

Mitambo na mwinamo

Kanuni inataka breki ya kuegesha ikishafungwa ishikiliwe na kifaa ambacho rasimu imekieleza kuwa kinafanya kazi kwa njia ya mitambo tu. Hapa mfasiri amelitazama umbo la neno la Kiingereza akasahau maana yake. Pampu ya mafuta ni mtambo. Mota ya umeme ni mtambo. Kwa maneno hayo wenzo wa magari ya mashindano tulioukataa hapo awali umerudi kwa mlango wa nyuma. Linalotakiwa ni kwamba chuma kishikwe na chuma, na kubaki kimeshikwa bila kutegemea mafuta, hewa wala umeme. Umeme unaweza kutumika kuifunga breki, lakini ukizimika breki isilegee. Jiwe analolitumbukiza utingo nyuma ya gurudumu la lori linatimiza sharti hilo barabara, ingawa kwa mengine halikubaliki. Tunapendekeza maelezo marefu badala ya istilahi fupi: kwa kushikana kwa vyuma tu. Si kila dhana ina haja ya neno moja.

Kuhusu mlima, rasimu inasema breki ilishikilie gari lenye shehena kamili kwenye mteremko wa digrii 20. Kanuni inasema asilimia 20, yaani kupanda mita 20 kwa kila mita 100 za ulalo, ambayo ni kama digrii 11.3. Kwa gari la kilo 600 pamoja na waliomo, asilimia 20 inadai kani ya karibu nyutoni 1,150. Digrii 20 zingedai karibu nyutoni 2,000. Muundaji angehangaika kutafuta breki ambayo hakuna aliyeitaka. Tena kanuni inataja pande zote mbili, gari likielekea juu na likielekea chini, na mteremko kwa msomaji wa kawaida ni wa kushuka tu. Neno la walimu wa hisabati, mwinamo, linachukua pande zote mbili bila kuongezewa kitu.

Ukaguzi na idhini

Limebaki neno ukaguzi, ambalo rasimu imelitumia kwa mambo mawili. Gari lililoundwa nyumbani hutazamwa mara ya kwanza ili ikubaliwe kwamba linastahili kuwamo barabarani. Hati inayotolewa hapo ndiyo humwezesha mwenye gari kulisajili. Baadaye, likishazeeka kiasi, litatazamwa kila mwaka kama magari mengine, na hapo kipimo cha breki ya kuegesha huwa ni ufanisi wa asilimia 16, yaani kani ya breki ikilinganishwa na uzito wa gari, ambayo si ile asilimia 20 ya mwinamo. Rasimu imezichanganya asilimia hizo mbili katika aya moja kwa sababu imeuita kila utaratibu ukaguzi. Tunapendekeza wa kwanza uitwe uidhinishaji na wa pili ubaki kuwa ukaguzi.

Pendekezo hili si la chuo kimoja tu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza, na tangu Bunge lilipopitisha mwaka 2021 kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria, maandishi ya aina hiyo yanahitaji kufasiriwa na watu ambao aghalabu watakuwa wanasheria, si mafundi. Watakutana na kurekebisha, kukarabati, kugeuza, kukagua na kuidhinisha katika vifungu vilevile, na mahakama itakuwa ikiwasikiliza. Mfasiri wa rasimu yetu amekwisha kuarifiwa, na ameomba apewe nafasi ya kuipitia upya sura ya breki kabla ya muhula kuanza. Ametuuliza pia kama ulimi wa racheti usingefaa kuitwa komeo. Komeo la mlango hutelezeshwa kwa mkono na kukaa pale lilipowekwa, ilhali huu hurudi wenyewe kwa springi kila jino linapopita. Kwa sababu hiyo tumemjibu kwamba, kwa maoni yetu, ubaki kuwa ulimi.